"Free" kwa Kijapani: muryō, tada, hima, aite iru au jiyū?

Neno la Kiingereza "free" lina herufi nne tu, lakini ukilipeleka kwenye Kijapani linapasuka vipande zaidi ya kumi, na kipande kimoja hakikai mahali pa kingine. Ukimwandikia mwenzako *Ashita, muryō desu ka* (明日、無料ですか) ukidhani umemuuliza kama kesho ana nafasi, yeye atasoma kwamba unauliza kama kesho anatoza pesa au hatozi. Sarufi imekaa sawa kabisa, ila neno siyo lake.

Mwenye Kiswahili ana faida hapa, na inasikitisha kuona watu wengi hawaitumii. Sisi hatuna neno moja linalobeba mzigo wote huo. Tuna *bure*, tuna *huru*, tuna *nafasi*, tuna *wazi*, tuna *bila*, tuna *usisite*. Kwa hiyo, kabla hujafungua kamusi ya Kiingereza na Kijapani, isemee sentensi yako kwa Kiswahili cha nyumbani usikie ni neno gani limekuja lenyewe. Kisha jiulize: hapa kinachokosekana ni nini? Ni bei, ni shughuli, ni mtu aliyekalia kiti, ni kizuizi, ni kiungo, au ni haya, yaani aibu? Jibu hilo linakufikisha karibu nusu ya safari. Nusu iliyobaki ni ya Kijapani chenyewe, ambacho huchagua neno pia kwa kuangalia nani anamwambia nani, na kama ni kwa mdomo au kwa maandishi.

## Kinachokosekana ni bei

Hapa kuna maneno manne yanayogombea, na ndipo watafsiri wengi hukosea bila kujua, kwa sababu yote manne kamusi huyaeleza kwa neno moja: bure.

| Neno | Mahali pake | Likiwekwa pasipo pake |
|---|---|---|
| *muryō* 無料 | bango, tangazo, tovuti, kaunta | katika soga za marafiki husikika kama tangazo |
| *tada* タダ | mdomoni, kati ya watu waliozoeana | katika barua ya ofisi husikika la mtaani |
| *mushō* 無償 | sheria, mkataba, waranti, serikali | kwenye bango la kahawa husikika kama tamko la wizara |
| *sābisu* サービス | kauli ya muuzaji akimpa mteja kitu | mteja akilitumia kuomba, anaonekana anabembeleza apewe |

*Muryō* ni *mu*, yaani hakuna, na *ryō*, yaani ada. Kiingilio bure ni *nyūjō muryō*, usafirishaji bure ni *sōryō muryō*, kujaribu huduma bila kulipa ni *muryō taiken*. Kinyume chake ni *yūryō*, chenye malipo. Ukiwa na shaka kati ya yote manne, chukua hili: huenda likasikika kavu, lakini halimkeri mtu.

*Tada* ni la mdomoni. *Kore, tada de moratta*, hiki nimepewa bure. Kumuuliza mhudumu wa hoteli *Tada desu ka* si tusi, ila *Muryō desu ka* ni safi zaidi. Tatizo kubwa la *tada* liko kwenye maandishi, kwa sababu lina maana ya pili inayotumika kila siku: *tu*. *Tada no kaze* ni mafua tu, wala si mafua ya bure. *Tada no mizu* yakiandikwa kwa hiragana (herufi za silabi za Kijapani cha kawaida), ただの水, msomaji hana hakika kama ni maji ya bure au ni maji tu yasiyo na chochote cha ajabu. Ndiyo maana waandishi wengi, wakitaka maana ya bure, huliandika kwa katakana (herufi za silabi zinazotumika zaidi kwa maneno ya kigeni): タダ. Kwenye tangazo ifanye hiyo kuwa desturi yako. Lina pia kanji yake (herufi yenye asili ya Kichina), 只, na kutokana na kanji hiyo wazee walitengeneza neno la mtaani *roha*: sehemu ya juu inafanana na katakana ロ, ya chini inafanana na ハ. Ukikutana na ロハ katika maandishi ya zamani, usihangaike kutafuta limetoka lugha gani ya kigeni.

Methali nayo ina neno lake. *Tada yori takai mono wa nai*, hakuna kilicho ghali kuliko cha bure. Weka *muryō* mahali pa *tada* hapo na methali inakufa.

*Mushō* kwa asili ni "bila fidia": ametoa, na hadai kurudishiwa kitu. Katiba ya Japani, ibara ya 26, inasema elimu ya lazima ni *mushō*. Mpango wa serikali ulioanza Oktoba 2019 wa kuondoa ada za chekechea kwa watoto wa miaka 3 hadi 5 uliitwa *mushōka*. Kifaa kikiharibika ndani ya muda wa waranti, karatasi yake itaandika *mushō shūri*, matengenezo yasiyolipiwa. Na upendo usiodai malipo ni *mushō no ai*. Ukiandika *muryō no ai* umeuwekea upendo kibandiko cha bei, kisha ukaandika sifuri.

*Sābisu* na ndugu yake *omake* ni kile ambacho sokoni kwetu tunakiita nyongeza. Mwenye mgahawa akikuletea kisahani usichokiagiza akasema *Kore, sābisu desu*, maana yake hutakilipia. *Omake* ni kitu kidogo kinachofuatana na ulichonunua.

Jambo moja kuhusu *sōryō muryō* kila anayetafsiri duka la mtandaoni anapaswa kulijua. Madereva wa malori na kampuni za usafirishaji wamelalamika kwamba neno hilo linamfanya mnunuzi aamini kazi yao haina gharama, na mwishoni mwa 2023 wakala wa serikali wa masuala ya watumiaji uliwataka wafanyabiashara waeleze nani anabeba gharama hiyo. Kwa hiyo sasa utaona *sōryō tōten futan*, usafirishaji juu ya duka letu. Mteja akikuachia uchague, hilo ndilo bora: ni la kweli zaidi na halipunguzi mvuto wa tangazo.

Kiswahili nacho kina mtego wake hapa. "Nimehangaika bure" si *muryō* wala *tada*. Ni *muda* (無駄), yaani kitu kilichopotea bila faida. Bure ya bei na bure ya hasara tunazitamka sawa, lakini kwa Kijapani ni maneno mawili yasiyojuana.

## Kinachokosekana ni shughuli

Swali la "are you free?" lina majibu mawili makubwa, *hima* (暇) na *aite iru* (空いている), na tofauti yao tunayo nyumbani tayari. "Una nafasi kesho?" ni *Ashita, aite imasu ka*. "Kesho huna kazi?" ni *Ashita, hima desu ka*. La kwanza linauliza kuhusu ratiba. La pili linamgusa mtu mwenyewe, kwamba amekaa tu hana la kufanya.

Rafiki kwa rafiki, *Ima hima?* ni kawaida kabisa. Kwa bosi, mwalimu au mteja, usilitumie hata ukiliongezea viambishi vyote vya heshima. *O-hima desu ka* ina heshima kwa umbo, lakini bado inamwambia mkubwa kwamba huenda hana kazi. Kwake sema *O-jikan arimasu ka*, una muda, au, kama mnapanga mkutano, *Go-tsugō wa ikaga desu ka*, ratiba yako ikoje.

Kwenye barua pepe za kazini kuna la tatu linalofaa kuliko yote: *o-tesuki no sai ni* (お手すきの際に), yaani mikono yako ikipata nafasi. "Tafadhali pitia ukiwa free" liandike hivyo. Angalizo ni kwamba linampa mwenzako ruhusa ya kuchelewa. Kama unahitaji jibu kabla ya saa 9 alasiri, taja saa, kwa sababu mwenye *o-tesuki* anaweza kujibu keshokutwa na hatakuwa amekosea.

Kukataa mwaliko nako kuna namna yake. Usiseme *Hima ja nai*, linasikika kama "sina muda wa mambo yako". Sema *Sono hi wa chotto*, siku hiyo kidogo…, kisha acha sentensi ining'inie. Mjapani atalimalizia mwenyewe.

## Kinachokosekana ni mtu

Sisi tukitaka kukaa huuliza "Hapa pana mtu?" Mjapani anauliza *Koko, aite imasu ka*, hapa pako wazi? Akiwa ameshaanza kuvuta kiti, husema kwa ufupi *Koko, ii desu ka*. Teksi isiyo na abiria huwasha maandishi 空車, *kūsha*, na iliyobeba abiria huonyesha 賃走, *chinsō*. Hoteli yenye vyumba ni 空室, *kūshitsu*, na iliyojaa ni 満室, *manshitsu*.

Kanji 空 katika kitenzi ina usomaji zaidi ya mmoja, na hapa hata wanafunzi wa miaka mingi hujikwaa. 空いている ikisomwa *aite iru* ina maana nafasi fulani haina mtu. Ikisomwa *suite iru* ina maana hakuna msongamano. Kiti kimoja ni *aite iru*, treni nzima yenye watu wachache ni *suite iru*, na barabara isiyo na foleni ni *michi ga suite iru*. Tumbo lenye njaa nalo ni *onaka ga suita*. Maandishi ni yaleyale, kwa hiyo ukiandaa sauti au manukuu, usiiachie programu ya kompyuta ichague usomaji.

Kisha kuna *jiyūseki* (自由席). Ukilitafsiri kipande kwa kipande unapata "kiti huru", na msafiri mgeni anaweza kudhani ni kiti cha bure. Si cha bure hata kidogo. Ni kiti kisichopangiwa mtu kwenye Shinkansen, treni ya kasi ya Japani: unalipa nauli pamoja na ada ya treni ya kasi, kisha unakaa utakapopata ndani ya mabehewa yaliyotengwa. Kinyume chake ni *shiteiseki*, kiti chenye namba yako. Tangu mwisho wa 2023, treni za Shinkansen ziitwazo Nozomi huondoa *jiyūseki* katika misimu mikubwa ya safari, yaani mwaka mpya, mapumziko ya mwanzo wa Mei na Obon, sikukuu ya Agosti ya kuwakumbuka wafu. Ukitafsiri mwongozo wa wasafiri, andika "viti visivyowekewa nafasi" na uongeze onyo hilo.

## Kinachokosekana ni kizuizi

*Jiyū* (自由) ndilo linalokuja kwanza kwenye kamusi, na ndilo linalotumiwa vibaya zaidi na anayeanza. Mahali pake hasa ni uhuru wa mtu au wa jamii. Katika Katiba iliyoanza kutumika tarehe 3 Mei 1947, uhuru wa dini uko ibara ya 20, wa kujieleza ibara ya 21, wa taaluma ibara ya 23, na zote zinatumia *jiyū*. Chama cha siasa cha Jiyū Minshutō (Liberal Democratic Party), kilichoundwa 1955, kinalo kwenye jina.

Neno hilo lilikuwepo kabla ya karne ya 19, likiwa na maana ya kufanya utakavyo, pengine kwa ubinafsi. Fukuzawa Yukichi, akieleza nchi za Magharibi katika maandishi yaliyoanza kutoka 1866, alilazimika kuonya kwamba *jiyū* analolitumia yeye si ukaidi wa kujifanyia upendavyo. Maana hiyo ya zamani bado ina mwakilishi wake, *katte* (勝手), na hii ni jozi ya kushika. *Jiyū ni tsukau* ni kutumia kwa hiari, umeruhusiwa. *Katte ni tsukau* ni kutumia bila kumuuliza mwenyewe. Kitendo kinaweza kuwa kilekile, kilichobadilika ni ruhusa.

"Ameachiwa huru" usiliandike kwa *jiyū* likiwa ni habari ya mahakama. Mfungwa ni *shakuhō sareru* (釈放される), mateka au nchi ni *kaihō sareru* (解放される). Samaki unayemrudisha majini ni *nigasu* au *hanasu*.

Kwenye kompyuta, mgogoro wa "free" uko hata ndani ya Kiingereza chenyewe, na Kijapani kinaumaliza kwa maneno mawili. *Furī sofuto* (フリーソフト) ni programu isiyolipiwa, hata kama msimbo wake umefungwa. *Jiyū sofutowea* (自由ソフトウェア) ni ile inayokupa haki ya kuutazama msimbo, kuubadili na kuusambaza, kwa maana iliyosimamiwa na Richard Stallman na taasisi aliyoianzisha 1985. Ukichanganya hayo mawili katika maelezo ya leseni, umeahidi haki ambazo mwenye programu hakuzitoa.

## Kinachokosekana ni kiungo

Bila sukari, bila moshi, bila kodi: kila moja ina mlango wake. Kiambishi *mu-* (無) ni cha asili na ni kifupi: *mutō* bila sukari, *mutenka* bila viongezeo, *mukōryō* bila manukato. *Furī* (フリー) ya mwishoni ina sura ya kisasa: *gurutenfurī* bila gluteni, *sutoresufurī* bila msongo wa mawazo, na *bariafurī* kwa jengo ambalo mtu wa kiti cha magurudumu anaingia bila kukwama.

Kwenye lebo ya chakula hayo si mapambo. Kanuni za Japani zinaruhusu "bila sukari" kwa *mu-*, *furī* au *zero* sukari zikiwa chini ya gramu 0.5 kwa gramu 100 za chakula, au kwa mililita 100 za kinywaji. *Satō fushiyō* (砂糖不使用) ni jambo jingine: sukari haikuongezwa, lakini ya tunda lenyewe ipo. Mgonjwa wa kisukari akisomewa la pili kana kwamba ni la kwanza, anaweza kuumia. Na *-fushiyō* ndilo sahihi kwa nyama ya nguruwe: *butaniku fushiyō*. Hata hivyo, msomaji Mwislamu asiishie hapo, asome pia orodha ya viungo atafute *pōku ekisu*, yaani dondoo ya nyama ya nguruwe. Kuhusu pombe, sheria ya kodi ya vileo inahesabu kileo kuanzia asilimia 1, kwa hiyo tafuta namba 0.00% kwenye kopo, usitosheke na neno.

"Smoke-free" usilipe *mu-*. Chumba kisichoruhusu sigara ni *kin'en* (禁煙), marufuku kuvuta. *Muen* hutumika kwa jiko la kuchomea lisilotoa moshi. Na "tax-free" ni *menzei* (免税): kodi ya matumizi ya asilimia 10 ipo, wewe umesamehewa.

Kuna *furī* nyingine ambazo hazihusiani na yote haya. *Furī saizu* ni nguo ya saizi moja kwa wote. *Furī daiyaru* ni namba ya 0120, ambapo anayepigiwa ndiye anayelipa. *Furītā* ni kijana anayeishi kwa vibarua, neno lililounganisha Kiingereza na Kijerumani. *Furī māketto* ni soko la vitu vilivyotumika, na asili yake ni neno la Kiingereza la kiroboto, "flea", lililofanana na "free" kwa sauti tu.

## Kinachokosekana ni haya

"Feel free to ask" imeshatuletea *jisikie huru kuuliza*, wakati lugha yetu ina *usisite*. Kijapani kina njia ileile ya *usisite*: *go-enryo naku* (ご遠慮なく), bila kujizuia. Lipo pia *o-kigaru ni* (お気軽に), kwa moyo mwepesi, na kwa tangazo la biashara hili ni bora kwa sababu ni laini zaidi. *Go-enryo naku* linafaa pale mgeni anapositasita kweli, kwa mfano chakula kikiwa mezani na yeye hagusi.

Mtego ni mfupi na ni mbaya. *Go-enryo naku* ni karibu, fanya. *Go-enryo kudasai* (ご遠慮ください) ni tafadhali usifanye. Mzizi ni mmoja, maana zinapingana.

## Bango moja la hoteli

Tuseme umepewa bango la Kiingereza lenye "free" tano: kifungua kinywa, maegesho, vyumba visivyo na sigara, miavuli ya kutumia, na kuuliza mapokezi.

Kwa bango, nomino hutangulia na *muryō* hufuata bila kiunganishi: 朝食無料, *chōshoku muryō*. *Muryō no chōshoku* ni sahihi, lakini ni lugha ya sentensi, bangoni inalegea. Maegesho ni 駐車場無料. Kama Kiingereza kilimaanisha kwamba nafasi za magari zipo, hiyo ni 空きあり, *aki ari*, kwa hiyo muulize mwenye hoteli kwanza. Vyumba ni 全室禁煙, *zenshitsu kin'en*. Mapokezi ni *O-kigaru ni furonto made o-tazune kudasai*.

Miavuli ndiyo ya kuangalia sana. *Go-jiyū ni* ni sahihi hapa, lakini kitenzi kinachofuata ndicho kinachoamua. *Go-jiyū ni o-tsukai kudasai* (お使いください) ni tumia upendavyo. *Go-jiyū ni o-mochi kudasai* (お持ちください), ambalo wengi hulinakili kutoka kwenye rafu za vipeperushi, ni chukua uondoke nao, na mgeni atakayeuweka mwavuli kwenye sanduku lake akaenda nao uwanja wa ndege atakuwa amefuata bango neno kwa neno.